Jina Lako Kwenye Daftari la Jimbo: Mwongozo wa Kusomea CNA na HHA Nchini Marekani

Mtu anayefika Marekani kutoka Nyarugusu, Kakuma, Bujumbura au Nairobi huambiwa mapema na waliomtangulia kwamba kazi zinazopatikana haraka ni za ghala, za kiwanda cha nyama au za CNA, yaani muuguzi msaidizi aliyethibitishwa. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoisomea na ndiyo ninayoifanya, na nimeona watu wetu wengi wakiiingia kwa kubahatisha. Wapo wanaolipia masomo ambayo wangeyapata bure, wapo wanaosomea cheti kisichowafikisha walikokusudia, na wapo wanaokipoteza cheti walichokitolea jasho kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kina muda wake. Kwa CNA, kinachokuruhusu kufanya kazi ni jina lako kuandikwa kwenye daftari la wauguzi wasaidizi la jimbo. Karatasi unayokabidhiwa na shule siku ya kumaliza masomo inathibitisha tu kwamba ulihudhuria. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata, tangu kuchagua shule hadi kubadilisha anwani, utaziona zina shabaha moja: kuliingiza jina daftarini na kulitunza lisitoke.

Kwanza tutenganishe kazi tatu ambazo kwetu huitwa zote "kulea wazee". CNA kwa kawaida hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee au hospitalini: anamwosha mgonjwa, anamvisha, anamlisha, anamgeuza kitandani, anamsaidia chooni, anampima mapigo na presha, na anamwarifu nesi kila badiliko analoliona. HHA, yaani mhudumu wa afya wa nyumbani, hufanya mengi ya hayo nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe, akiwa ameajiriwa na wakala wa huduma za afya nyumbani. Wa tatu ni mhudumu wa kawaida wa nyumbani, anayepika, anayefanya usafi na kumsindikiza mzee, na huyu sheria ya shirikisho haikumwekea idadi ya saa za mafunzo, kwa hiyo kila jimbo limejiamulia. Katika jimbo la New York, kwa mfano, mhudumu wa namna hiyo husoma saa 40, ilhali HHA husoma 75.

Sheria inadai nini

Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi huduma ilivyokuwa duni katika nyumba nyingi za wazee, na mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likaingiza marekebisho ya nyumba hizo ndani ya sheria kubwa ya bajeti, ambayo Rais Ronald Reagan aliitia saini Desemba 1987. Darasani utaisikia ikiitwa OBRA. Ndiyo inayodai kwamba kozi ya muuguzi msaidizi isipungue saa 75, na kwamba kati ya hizo angalau saa 16 ziwe za vitendo chini ya uangalizi wa muuguzi. Kanuni zake zinadai pia kwamba kabla mwanafunzi hajamgusa mkazi yeyote wa kituo awe amekwisha kufundishwa kwa saa 16 zisizopungua juu ya mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na dharura, kumwacha mkazi ajitegemee kadiri anavyoweza, na kuheshimu haki zake. Napenda mpangilio huo, maana haki za mzee zimetangulizwa mbele ya sabuni na taulo.

Saa 75 ni kima cha chini, na kila jimbo lina uhuru wa kupanda juu yake. Ohio imebaki na 75. Pennsylvania inadai 80, Texas 100, Illinois 120, California 160, ambazo 100 kati yake ni za vitendo, na Maine imefika 180. Tofauti hii ina maana kubwa kwa familia zetu ambazo huhama kufuata ndugu, mara Columbus, mara Portland, mara Dallas. Kabla hujalipia kozi katika jimbo unalojua utaliondoka baada ya miezi michache, fungua tovuti ya daftari la jimbo unalokwenda usome masharti yake ya kuwapokea waliothibitishwa kwingine. Majimbo mengi hupokea cheti kutoka jimbo jingine iwapo jina lako bado ni hai daftarini na halina doa, ila kila moja lina fomu zake, na baadhi huangalia pia saa ulizosoma.

Kwa HHA, wakala yeyote anayelipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, naye hufungwa na kanuni ya shirikisho: saa 75, ambazo ndani yake kuna angalau 16 za darasani zinazotangulia angalau 16 za vitendo. New Jersey imeongeza moja ikawa 76, na huko anayetoa cheti ni Bodi ya Uuguzi ya jimbo. Mara nyingi wanaokupima ni wauguzi wa wakala au wa shule, kwa hiyo hakuna mtihani wa kampuni ya nje kama ule wa CNA.

Watu huniuliza waanze na ipi. Ninawajibu kwamba, kama muda na Kiingereza vinaruhusu, waanze na CNA, na sababu iko ndani ya kanuni yenyewe: mtu ambaye jina lake liko hai kwenye daftari la wauguzi wasaidizi anahesabiwa na sheria ya shirikisho kuwa amefuzu kufanya kazi ya HHA, lakini mwenye cheti cha HHA peke yake hawezi kuingia katika nyumba ya wazee kama CNA. California huongeza sharti lake, kwani CNA anayetaka kuwa HHA huko husoma saa 40 zaidi, badala ya 120 anazosoma mtu anayeanzia sifuri. Anayechagua HHA kwa sababu anataka kumtunza mama yake mzazi nyumbani, au kwa sababu wakala wa jirani anafundisha bure wiki ijayo, hajakosea. Ninachomwomba ni ajue tu kwamba mlango mwingine bado ameuacha umefungwa.

Usilipe kabla ya kusoma sehemu hii

Hapa ndipo fedha za watu wetu hupotelea. Kanuni ya shirikisho inasema kwamba mtu ambaye siku anayoanza kozi tayari ameajiriwa na nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), au tayari ameahidiwa kazi nayo, hatozwi chochote kwa mafunzo wala kwa mtihani, hata vitabu na vifaa. Na yule aliyejilipia mwenyewe, kisha akaajiriwa na nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12 tangu amalize, anastahili kurudishiwa gharama zake kidogo kidogo kulingana na muda anaofanya kazi. Mimi nilijilipia ada yote kwa fedha za kukopa kwa shangazi yangu, na niliyajua haya mwaka wa pili, baada ya muda wa kudai kwisha. Shule ilikuwa na haki ya kunitoza, lakini hakuna mtu pale aliyeona haja ya kuniambia.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kujiandikisha shuleni, piga simu au nenda kwenye nyumba tatu au nne za wazee zilizo karibu nawe, uulize kama wanawafundisha CNA wapya. Wengi hufanya hivyo, maana wana upungufu wa watu, na sheria inawaruhusu kumtumia mwanafunzi aliye mafunzoni kwa muda usiozidi miezi 4 kabla hajathibitishwa, mradi afanye zile kazi tu alizokwisha kufundishwa na kuonekana anaziweza. Wakikuahidi kazi, omba ahadi hiyo kwa maandishi, yenye tarehe iliyo kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Ukilazimika kujilipia, weka risiti zote, ya ada, ya vitabu na ya mtihani, mahali ambapo hazitapotea, na siku utakapoajiriwa ulizia ofisi ya wafanyakazi fomu ya kurudishiwa gharama. Haki hii inahusu nyumba za wazee; hospitali na mawakala wa huduma za nyumbani hawafungwi nayo, ingawa baadhi yao hufundisha bure kwa hiari yao.

Shule yoyote utakayoichagua, hakikisha imo kwenye orodha ya shule zilizoidhinishwa na jimbo, na uitazame orodha hiyo mwenyewe kwenye tovuti ya jimbo badala ya kuridhika na maneno ya aliye mapokezi. Idhini huondolewa pia: nyumba ya wazee iliyopatikana na makosa makubwa, ikatozwa faini ya kiasi kilichowekwa na sheria, hunyimwa kwa miaka 2 haki ya kuendesha kozi. Mwulize mwalimu mkuu ana uzoefu gani, kwani sheria inataka mafunzo yasimamiwe na muuguzi aliyesajiliwa mwenye angalau miaka 2 ya uuguzi, na angalau mwaka 1 kati yake uwe katika utunzaji wa muda mrefu. Nadharia unaweza kuisoma mtandaoni katika majimbo mengi, lakini saa za vitendo ni lazima uwepo kwa mwili mbele ya muuguzi. Anayekuuzia cheti cha CNA cha siku mbili kwa simu anakuuzia karatasi ambayo daftari haliitambui.

Hati, na habari ya majina yetu

Andaa kibali cha kufanya kazi, kitambulisho cha serikali chenye picha na saini ambacho muda wake haujapita, na namba ya hifadhi ya jamii pale jimbo linapoidai. Aliyepokelewa rasmi kama mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayoingia nchini. Utapitia uchunguzi wa rekodi za jinai, na katika baadhi ya majimbo utachukuliwa alama za vidole.

Jambo linalowakwamisha Waswahili kuliko rekodi ni majina. Chukua mtu anayeitwa Amina Juma Ramadhani. Pasipoti yake inaweza kusema jina la ukoo ni "Juma Ramadhani", kadi ya hifadhi ya jamii ikasema "Ramadhani" peke yake, na leseni ya udereva ikaliacha "Juma" katikati. Mlangoni mwa chumba cha mtihani hakuna mtu atakayemsikiliza akieleza kwamba kwao jina la baba hufuata na la babu ndilo la mwisho. Jina kwenye kitambulisho lisipolingana na lile alilojiandikishia, anarudishwa nyumbani na ada inakwenda. Basi chagua hati moja, ile utakayoibeba siku ya mtihani, na kila fomu uijaze herufi kwa herufi kama ilivyo hati hiyo, na jina hilo ndilo litakaloingia daftarini. Ni vivyo hivyo kwa tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tuliandikiwa kambini Januari 1, hata kama mama anakumbuka vizuri kwamba ilikuwa msimu wa mavuno. Kama hati zako zote zinasema Januari 1, andika Januari 1.

Jingine ni kipimo cha kifua kikuu, ambacho shule na waajiri karibu wote hukidai kabla hujakanyaga wodini. Tuliozaliwa Afrika Mashariki na Kongo wengi tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tukiwa wachanga, na kovu lake tunalo hadi leo. Kipimo cha ngozi, kile cha kudungwa sindano ndogo mkononi na kurudi baada ya siku mbili au tatu kusomwa, kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukapelekwa kupigwa eksirei na kucheleweshwa bure. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG, na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinakipendekeza kwa mtu aliyepata chanjo hiyo. Mwambie nesi mapema, mwonyeshe kovu, uombe kipimo cha damu. Kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, ukishaajiriwa katika kazi inayokukutanisha na damu, mwajiri anatakiwa akupe bila malipo ndani ya siku 10 za kazi tangu uanze, kwa hiyo usikimbilie kuilipia kabla ya kuuliza shuleni kama wanaidai mapema.

Darasani na wodini

Masomo yenyewe hayamshindi mtu aliyewahi kumtunza bibi yake. Kinachotupa taabu ni kwamba mambo tuliyoyajua kwa moyo yanadaiwa hapa kwa utaratibu, na baadhi yanadaiwa kinyume cha malezi yetu. Sisi hatumwiti mtu mzima kwa jina. Tunamwita mama, bibi, babu, mzee. Katika kituo cha Marekani, kumwita mkazi "mama" au "bibi" huhesabiwa kuwa ni kumvunjia heshima, kana kwamba umemfanya mtoto au umemsahau ni nani. Unatakiwa ubishe hodi, umsalimu kwa jina analopenda kuitwa, ujitaje jina na kazi yako, umweleze unachokwenda kufanya, na usubiri akubali. Vaa adabu hiyo ya ugenini kama sare. Ile yetu itaonekana katika namna unavyomshika mkono.

Kila ujuzi una hatua zake. Chukua huu wa kumvisha shati mgonjwa aliyepooza mkono wa kulia. Kwanza unavuta pazia. Unamwuliza achague shati analotaka, maana kuchagua ni haki yake. Unapomvua, unaanza na mkono mzima, wa kushoto, kisha shati linateleza lenyewe kutoka upande dhaifu bila kuuvuta. Unapomvisha unageuza mpango: mkono dhaifu unatangulia, unauingizia mkono wako ndani ya mkono wa shati, unaushika wake taratibu na kuupitisha, ukiwa umeuegemeza kwenye kiwiko muda wote, ndipo mkono mzima unafuata, ambao wenyewe unaweza kujikunja. Ukibadilisha mpango huo unaweza kumteguza bega mtu ambaye hana nguvu ya kulalamika. Nilipofundishwa hivyo nilimkumbuka babu yangu, aliyepooza upande mmoja, na jinsi tulivyokuwa tukimvuta mikono asubuhi kwa upendo wote tukidhani anapiga kelele kwa ukaidi.

Zingatia sana Kiingereza cha kazi. Tengeneza daftari dogo la maneno yako mwenyewe, upande mmoja Kiingereza na wa pili Kiswahili kile tunachokisema kweli: mpira wa mkojo, meno ya bandia, kiti cha magurudumu, vidonda vya kulalia, kengele ya kuita, mkanda wa kumtembezea mgonjwa. Yasome kwa sauti, kwa sababu mtihanini utayasikia au utayasema, na wodini nesi atayatamka haraka.

Mtihani

Mtihani wa CNA una sehemu mbili, ya maswali na ya vitendo, na ni lazima ufaulu zote. Kampuni zinazousimamia hutofautiana kwa jimbo. Ule unaotumika katika majimbo mengi, unaojulikana kama NNAAP, una maswali 70 ya kuchagua kwa saa 2, na 10 kati ya hayo ni ya majaribio yasiyohesabiwa. Asiyejiamini kusoma anaweza kuomba mtihani wa kusikiliza, ambamo maswali 60 husomwa kwa sauti na mengine 10 hupima kama anasoma maneno ya kawaida ya kazi. Sauti hiyo nayo kwa kawaida ni ya Kiingereza, ila mtu aliyejifunza lugha kwa masikio, kama wengi wetu, hunufaika nayo sana. Ni lazima uiombe unapojiandikisha. Ukishafika mlangoni umechelewa.

Katika vitendo hupewa ujuzi 5 kutoka orodha ya zaidi ya 20 ambayo huchapishwa wazi pamoja na hatua zake zote. Kunawa mikono kumo daima, na mmoja kati ya ule mwingine huwa wa kupima kitu na kuandika jibu. Jibu lako hulinganishwa na la msimamizi: mapigo ya moyo yasipishane zaidi ya 4, pumzi zaidi ya 2, presha zaidi ya 8, mkojo zaidi ya mililita 25, uzito zaidi ya ratili 2. Hesabu mapigo dakika nzima. Hakuna zawadi ya kuwahi. Uchapishe mwongozo huo, uubandike ukutani, umwombe ndugu alale kitandani awe mgonjwa wako kila jioni.

Wanaoanguka, kwa nilivyoona, huangushwa na kunawa mikono na kengele, mambo ambayo kila mtu anadhani anayajua. Unapofungua bomba, nguo zako zisiguse sinki. Unalowesha mikono na vifundo vyake, unapaka sabuni, unasugua kwa sekunde zisizopungua 20 ukiwa mbali na maji, katikati ya vidole, nyuma ya mikono, vifundo, na kucha unazisugulia kiganjani. Unaposuuza, vidole viangalie chini, maji yatoke kwenye kifundo kwenda ncha za vidole. Unakausha kwa karatasi safi kuanzia vidoleni, unaitupa, unachukua karatasi nyingine kavu kufungia bomba, na baada ya hapo hugusi tena sinki wala bomba. Ukigusa, anza upya. Na kabla hujasema umemaliza ujuzi wowote unaomhusu mgonjwa kitandani, tazama mambo mawili: kitanda kiko chini, na kengele ya kuita iko mahali mkono wake unapofika. Mgonjwa asiyeifikia kengele ni mgonjwa aliyeachwa peke yake, na ndiyo maana hatua ndogo kama hiyo inaweza kukugharimu alama.

Ukikosea hatua, mwambie msimamizi kwa sauti ni hatua gani unairekebisha, kisha uifanye tena kabla hujaanza ujuzi unaofuata. Ukishauanza, hurudi nyuma. Ukianguka sehemu moja, hiyo ndiyo utakayoirudia, na sheria inadai upewe angalau nafasi 3.

Kulitunza jina daftarini

Siku chache baada ya kufaulu, fungua tovuti ya daftari la jimbo lako ulitafute jina lako, kwa sababu huko ndiko mwajiri atakakoangalia kabla ya kukupa zamu. Angalia herufi, tarehe na hali ya cheti. Kama wamekosea, andika siku hiyo hiyo.

Jina hubaki hai kwa kufanya kazi. Ikipita miezi 24 mfululizo hujafanya kazi yoyote ya uuguzi kwa malipo, sheria inakudai usome au ufanye mtihani upya, na majimbo mengi hukuomba uthibitisho wa kazi kila miaka 2. Kumtunza mzazi bila malipo, hata kama ni kazi nzito kuliko zote, hakuhesabiwi hapa. Dada anayekwenda likizo ya uzazi, au anayerudi nyumbani kumuuguza mama mwaka mzima, na apige hesabu ya miezi hiyo kabla ya kuondoka. Zamu chache za kulipwa kabla ya muda kwisha zinaweza kumwokolea cheti. Mwajiri naye anatakiwa akupe mafunzo ya kazini yasiyopungua saa 12 kwa mwaka, kwa CNA na kwa HHA vilevile, na California inadai saa 48 kwa miaka 2. Weka nakala za mafunzo hayo na za karatasi za mshahara, hata kama kazini wanasema wanazo.

Aliyekuwa muuguzi Kenya, Tanzania au Kongo asione aibu kupita njia hii akingoja vyeti vyake vya nyumbani vikaguliwe na TruMerit, shirika lililokuwa likiitwa CGFNS, na kujiandaa kwa NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Baadhi ya majimbo humruhusu aende moja kwa moja kwenye mtihani wa CNA bila kozi, kwa hiyo aulize daftari la jimbo kabla ya kulipia saa ambazo hazihitaji.

Limebaki jambo zito. Daftari hilo hilo linaloandika kwamba umefuzu ndilo linaloandika pia kwamba mtu alimdhulumu mkazi, alimtelekeza au alichukua mali yake, na aliyeandikwa hivyo haajiriwi tena katika nyumba ya wazee popote nchini. Linda mikono yako, na linda simu yako: picha ya mkazi, hata ile ya kupendeza ya siku yake ya kuzaliwa, isiingie kwenye kundi la WhatsApp la familia, kwani huko pia ni kuvunja faragha yake. Mtu anaweza kushtakiwa bila kosa. Ikitokea, utapata notisi ya maandishi, na una siku 30 tangu tarehe ya notisi kuomba usikilizwe kabla tuhuma haijaandikwa daftarini. Ukiandikwa licha ya hayo, una haki ya kuweka maelezo yako mafupi ya kuipinga, na kwa kosa moja la utelekezaji ambalo si mwenendo wako unaweza kuomba lifutwe baada ya mwaka 1 kupita.

Siku hizo 30 zinahesabiwa hata kama bahasha ilikwenda kwenye nyumba uliyokwisha kuhama. Kwa hiyo kila unapohama, wiki ile ile unayopeleka anwani mpya posta na shuleni kwa watoto, ipeleke na kwenye daftari la jimbo, kisha hifadhi jibu lao.